Msiba wa Mama Maafa

Jina hilo hakulipenda. Alikuwa katibu wa kamati ya maafa ya kijiji, kazi ya kujitolea isiyo na kiti wala meza, na watu wa Katumba Songwe, ambao hawana subira na majina marefu ya serikali, walilikata likabaki Mama Maafa. "Mimi nazuia maafa," alilalamika, "ninyi mnaniita kana kwamba ndimi ninayeyazaa." Walimwitikia kwa adabu, kisha wakaendelea kumwita vilevile. Mimi nilifika pale nikiwa afisa ugani, nikapanga chumba jirani na kwake, na kwa miaka yote niliyokaa sikusikia mtu mzima akimtaja kwa jina lake.

Nimetoka Singida. Kwetu mvua ni habari njema, na mtu akipiga kelele kwamba maji yamekuja, watu hutoka na ndoo. Kwa hiyo nilichelewa kuelewa kwa nini mwanamke mzima azunguke nyumba za watu akiuliza kama mto umelala vizuri. Songwe, mto unaotutenga na Malawi, haukai mahali pamoja. Wazee walinionyesha ng'ambo mashamba yao, yaliyokuwa upande huu kabla mto haujahama, na waliuzungumzia kama mlevi wa ukoo: wanamjua, wanamsema, hawamfukuzi.

Alikuwa na mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi. Kizibao cha rangi ya chungwa alichopewa kwenye semina ya watu wa kujitolea mjini Kyela alikivaa shambani, sokoni, na Jumapili moja alikivaa kanisani juu ya kitenge kipya, mpaka mchungaji akamuuliza pembeni kama kuna jambo. Akamjibu kwamba jambo haliji na kadi ya mwaliko. Alipenda semina, na alipenda zaidi kuzisimulia, pamoja na chakula kilicholiwa huko. Alipenda pia kutiiwa. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaomsifu siku hizi wanamfanya mnyenyekevu, na mnyenyekevu hakuwa. Akisema "ondoeni mbuzi hapa," alitaka mbuzi wawe wanaondoka kabla hajafunga mdomo.

Salamu zake zilikuwa na mkia. "Ugonile," angekuambia asubuhi, na kabla hujajibu kwamba umelala salama, alikwisha kuongeza, "Maji yakija sasa hivi, unachukua nini?" Aliwauliza wote. Mwalimu mmoja kutoka Tanga, aliyekuwa na mwezi mmoja tu kijijini, alijibu televisheni. "Utaitazamia wapi, mwanangu, juu ya mchikichi?" Mimi nilijibu vyeti vyangu. Akasema ni vizuri, maji yatajua kwamba yamembeba msomi. Mzee mmoja alisema atamchukua mke wake, na mke akiwa pale pale akasema asijisumbue, yeye atakuwa ameshaondoka.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine kabisa. Aliyewafundisha wenzake kuweka magunia ya mpunga juu ya vichanja, yeye ya kwake aliyaegemeza ukutani, chini. Moto wa jikoni aliuacha ukiwaka akaenda kumkagua jirani kama amezima wa kwake. Siku moja jiko lake la makuti lilishika moto mchana, tukaukimbilia na maji ya kufulia, na tulipoumaliza alitugombeza kwamba tumechelewa na tumekuja bila mpangilio. Hakuna aliyekasirika. Mwenye jiko lililoungua alisimama katikati yetu akieleza jinsi ya kupanga mstari wa ndoo, nasi tulimsikiliza, maana alichosema kilikuwa kweli.

Na aliogopa maji. Tulipopelekwa pamoja Matema kwenye mafunzo, wenzetu walipanda mtumbwi kwenda Ikombe kununua vyungu. Yeye alibaki ufukweni na kizibao chake, akiwapigia kelele walio ndani ya mtumbwi wakae chini, mpaka wakafika mbali asiwaone. Chungu alichoagiza kililetwa kina ufa. Alikikubali bila neno, kitu ambacho sikukitarajia, akakitumia miaka mingi kuwekea ndizi.

Kero yake kubwa ilikuwa kwamba watu hawaji. Mafunzo ya kuhama aliyaitisha chini ya kibali cha mwenyekiti wa kijiji, akatangaza kanisani, akapita nyumba kwa nyumba, na siku yenyewe wakaja wanawake wachache na mgeni mmoja aliyedhani pana ugawaji wa mbegu. Kuna mwaka alifanikiwa. Aliona mto unapanda, akawahamisha watu wote wa bondeni hadi kwenye mwinuko wa kanisa, wakashinda huko na kulala huko. Maji yakaelekea upande wa Malawi. Waliporudi walikuta nyumba kavu, na mbuzi na bata wa baadhi yao hawapo. "Maji hayakuja, wezi ndio walikuja," watu walisema, na tangu hapo wakatia pamba masikioni.

Ila msiba waliujia. Hili mtu wa mbali hulishangaa Kyela, nami nililishangaa. Mtu akifa, kengele ya kanisa hupigwa polepole, na kabla haijanyamaza utaona njia zimejaa. Kila nyumba inajua inachobeba. Hawa maturubai, hawa sufuria, hawa kuni, hawa mchele na mkungu wa ndizi. Wazee wanabebwa kwa baiskeli, watoto wanafungwa mgongoni. Hakuna anayeuliza kama jua ni kali au kama shamba limeisha. Asiyefika bila sababu hukumbukwa mpaka siku yake mwenyewe. Chama cha kufa na kuzikana kilikuwa na nguvu kuliko kamati zote za serikali tulizoziunda, ile ya kwangu ya kakao ikiwemo.

Mama Maafa aliliona hili mapema. Akaenda kwa mwenyekiti wa chama, fundi seremala mwenye maneno machache, mtengenezaji wa majeneza ya kijiji kizima, akamwomba jambo. Alitaka kila mwaka kabla ya masika watu wafanye mazoezi ya mafuriko kwa mtindo wa msiba: kengele ile ile, mizigo ile ile, wote juu kanisani. "Mnajua kuzika kuliko watu wote," alimwambia. "Mimi nataka mtumie ujuzi huo huo kabla ya kifo." Nilikuwepo, nikikaguliwa kiti changu kilichovunjika. Fundi alipiga randa kwa muda, kisha akasema, "Shangazi, sufuria za msiba zikitoka bila maiti, zitatafuta maiti."

Akarudi mara ya pili na ya tatu. Jibu likawa lile lile.

Katika wote waliompinga, aliyempinga kwa raha zaidi alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Walikuwa na ugomvi wa migomba iliyoota mpakani mwa viwanja vyao, ugomvi ulioanza kabla sijafika na ambao nilipewa kila upande wake mara nyingi mno. Waliongea, kwa sababu njia ilikuwa moja, na kila mmoja alimwita mwenzake "shemeji" kwa heshima zote. Lakini kwenye mkutano mmoja wa hadhara, Mama Maafa alipomtaja kama mfano wa watu wanaokaa karibu na mto kwa ukaidi, yule mzee alisimama, akavua kofia, akasema mbele ya watu, "Huyu shemeji yangu akifa, mimi kwenye msiba wake sitakanyaga." Watu wakaguna. Kauli kama hiyo haisemwi. Mama Maafa akacheka kwa sauti na kusema nafasi yake atakaa mtu mwingine. Jioni yake nilimkuta anakata kuni zisizohitaji kukatwa, nikajua imemchoma.

Sasa nifike kwenye siku ambayo watu wengi wanamjua kwayo.

Mvua ilikuwa imetupa nafasi. Jua liliwaka tangu asubuhi, na kakao iliyokuwa inakaribia kuoza ndani ilitolewa yote ikatandazwa kwenye mikeka. Mtu aliyewahi kulima kakao anajua jua la namna hiyo katikati ya masika ni la thamani gani. Mama Maafa alipigiwa simu na ndugu yake wa Ileje, huko juu mto unakotoka. Huko kulikuwa kumenyesha kupita kiasi, na maji yalikuwa yameng'oa miti na kuteremka nayo. Akavaa kizibao, akaanza kupita. Nilikuwa na wakulima wangu, tunageuza mbegu kwa reki.

"Ondokeni. Maji yanashuka kutoka Ileje."

"Mama, tazama jua," mmoja alimwambia, bila ubaya.

"Mvua ya Ileje hainyeshi hapa, wee! Inakuja ikiwa mto!"

"Tutakuja tukimaliza hii mikeka."

Nami nilisema hivyo hivyo, kwamba tutamalizia mikeka. Alitutazama, jasho likimtoka, akaenda nyumba ya pili, na huko nilisikia kicheko. Hakwenda ya tatu. Nilimwona akigeuka na kushika njia ya kanisani, peke yake, haraka kuliko nilivyodhani mwili ule unaweza.

Kengele ikaanza kulia polepole.

Kisha ujumbe ukaingia kwenye kundi la chama, kwenye simu zetu, kutoka namba yake mwenyewe: "Mama yetu hatunaye tena. Ameanguka kanisani. Msiba uko huko huko. Njooni wote na watoto." Hakuna aliyeona ajabu. Siku hizi ndivyo inavyokuwa, mtoto anashika simu ya marehemu na kuwaandikia watu. Yule aliyesema "tazama jua" aliketi chini kwenye kakao yake akashika kichwa. Tulikuwa tumemwona sasa hivi, anahema, anatokwa jasho, na tulimcheka. Kila mmoja aliona kwamba ndiye aliyemuua.

Mikeka ikaachwa juani. Nilirudi kuchukua koti, nikakutana njiani na fundi seremala, futi kamba mfukoni, tukaongozana. Watu walikuwa wanamiminika kutoka kila upande na sufuria vichwani, wanawake wameanza kilio. Tulipita nyumbani kwa shemeji. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe. Fundi akamwambia taratibu, "Tata, shemeji yako amefariki." Yule mzee alivua kofia, akaishika magotini. Alikaa hivyo mpaka nikadhani anasali. Kisha akasema, "Nilikwisha sema mbele ya watu," na akaivaa tena. Fundi hakumbembeleza, wala mimi. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la ukoo.

Kanisani pakajaa. Hapakuwa na mwili, na watu walidhani umewekwa kwenye chumba cha mchungaji, maana mlango wake ulikuwa umefungwa. Wanawake waliulilia mlango ule. Waliimba, wakamtaja kwa wema wake wote na wa kuongezea: jinsi alivyokuwa mama wa kila mtu, jinsi alivyohangaika kwa ajili yetu, jinsi ambavyo sasa hakuna wa kutuuliza tutachukua nini. Nililia pia. Sikuwa nimelia tangu nihamie kule.

Mlango ukafunguliwa akatoka na kizibao chake.

Mwanamke mmoja alizimia. Wengine walikimbia kuelekea nje, na waliokimbia ndio waliokuwa wa kwanza kuona. Maji yalikuwa yameingia kwenye mpunga, ya rangi ya kahawia, yakija bila papara, na jua likiwaka juu yake. Yalipita kwenye mikeka ya kakao, yakazifikia nyumba za kwanza, na ukuta wa tofali mbichi ukaketi chini kama mtu aliyechoka. Tuliyaangalia tukiwa na sufuria zetu, mchele wetu, maturubai yetu na watoto wetu, tumekamilika kama watu waliojiandaa. Fundi seremala ndiye aliyeanza kutazama nyuso moja moja, na ndiye aliyesema jina lililokosekana.

Mzee alipatikana maji yalipopungua, mbali, kwenye shamba la mpunga la watu wengine. Alikuwa peke yake. Hakuna mwingine kijijini aliyekufa.

Kwenye mazishi ya mzee, Mama Maafa alikuja bila kizibao. Alipokaribia jikoni wanawake walinyamaza, mmoja akampa kigoda na kumwambia apumzike, kwa upole ambao hukumu yote ilikuwa ndani yake. Baada ya matanga wazee wa chama walikaa. Kulikuwa na waliosema ametuokoa, tumshukuru, "ndaga fijo, mama," basi. Lakini wengi walisema kifo hakiitwi kwa mchezo. Alikiita, kikaja nyumbani kwao, kikamkosa mwenyewe, kikachukua aliyekuwa karibu. Kifo hakirudi mikono mitupu. Wakamtoa katika chama. Maana yake ni kwamba siku yake ikifika, kengele haitapigwa na sufuria hazitatoka. Jela ingekuwa nafuu, maana jela mtu hutoka.

Watu huniuliza mimi nilikuwa upande gani. Niko hai kwa sababu ya uongo ule, na mtu wa namna hiyo hafai kuwa hakimu wa kesi hiyo.

Nilihamishwa wilaya nyingine. Masika kadhaa yamepita, na safari hii nilirudi kwa kazi ya wiki moja. Nikakuta kwamba kila mwaka, kabla ya mvua, kijiji kizima sasa kinabeba sufuria na kupanda kanisani kwa kengele, bila maiti, na kwamba fundi seremala ndiye anayesimamia. Alinieleza hayo kwa aibu kidogo. Kisha akasema wazee wako tayari kumrudisha shangazi katika chama. Hawataki ng'ombe wala jogoo. Aje tu mkutanoni, aseme alikosea kutangaza kifo cha uongo, yaishe. Wameshamtumia watu na amekataa. Afya yake si nzuri. "Wewe alikupenda," fundi aliniambia. "Kazungumze naye. Tusije tukashindwa kumzika."

Nilimkuta Talatala kwa binti yake, ameketi barazani anachagua mchele kwenye ungo. Alikuwa amepungua sana, na miguu imevimba. Alifurahi, akanisalimu, akaniuliza habari za Singida na kama tayari nina mke. Hakuniuliza nitachukua nini. Nilimpa ujumbe wa fundi wote kama ulivyo, na nikaongeza wa kwangu, kwamba neno moja la radhi halimpunguzii mtu kitu, na mwenye kutunza fahari asiyekuwa na mtu wa kumzika ametunza nini.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Wanadhani ni fahari."

"Si fahari, mama?"

"Waseme watakavyosema, uongo ule ningeusema tena kesho. Sasa nikawaombe radhi kwa hilo, halafu wanipigie makofi, wanirudishe? Hilo kosa wanalonidai silo. Langu hawaliulizi."

Nikamuuliza ni lipi. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, akiyatupa uani kuku wakiyakimbilia na kuyaacha.

"Siku ile nilikuwa na majina ya kijiji kizima ya kuandika. Ningemwandika mzee yeyote. Ningemwandika fundi mwenyewe. Wangekuja vilevile, tena mbio. Nikajiandika mimi. Unajua kwa nini?"

Nilisema kwa sababu hakutaka kumchuria mtu mwingine.

"Ndivyo nilivyowaambia wazee." Akaweka ungo chini. "Nilitaka kusikia watakavyonililia, bwana shamba. Miaka yote ile wananicheka. Nikakaa mle chumbani nikasikiliza, na palikuwa patamu. Nilisikia mpaka sauti yako."

Binti yake alitokeza mlangoni, akatuona, akarudi ndani.

"Shemeji alikuwa na mdomo mbaya," alisema, "lakini msiba hakuwahi kukosa. Wa tajiri, wa maskini, wa mtoto mchanga, yeye yuko pale. Ningemwandika mtu mwingine yeyote, angekuja. Angekuja na mkeka wake kwapani, mapema kuliko ninyi wote."